Kutoka Ofisini Si Kujibu: Mafunzo Saba Niliyoyapata Shanzu

Alhamisi ya tarehe 11 Julai 2024, Rais William Ruto aliwafuta kazi mawaziri wake wote pamoja na Mwanasheria Mkuu. Waliosalia ni Mkuu wa Mawaziri, Musalia Mudavadi, na Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua, ambaye kwa mujibu wa Katiba Rais hana uwezo wa kumfuta. Kesho yake Inspekta Jenerali wa Polisi, Japhet Koome, akajiuzulu. Zilikuwa zimepita wiki mbili na ushei tangu vijana waingie katika majengo ya Bunge tarehe 25 Juni, siku ambayo wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha na 106 wakaupinga. Rais mwenyewe alikataa kuutia sahihi siku iliyofuata. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa na 361 waliojeruhiwa katika maandamano.

Habari hizo zilinikuta kazini, Shanzu. Nasimamia kumbi za mikutano katika hoteli moja ya ufuoni, na kazi hii hunikutanisha na wakubwa wa serikali kwa namna ambayo raia wengi hawaipati. Nawaona wakifika na walinzi wao, nawapangia viti na maikrofoni, nasikia wanayoongea wakati wa chai ya saa nne, na naona kinachobaki wakishaondoka. Kwa miaka mingi wizara, kamati za Bunge na mashirika ya umma yamekuwa yakija kwetu kwa semina na vikao vya faragha. Kwa hiyo waliopigwa kalamu siku ile hawakuwa picha za magazetini kwangu. Walikuwa aina ya watu ninaowahudumia.

Tangu mwezi ule nimeyafuatilia mambo haya kwa makini, nikiyalinganisha na yaliyotokea zamani hapa Kenya na kwa majirani zetu Tanzania. Naamini jambo moja: kiongozi anayetoka ofisini hajawajibika mpaka ajibu alichokifanya. Sisi raia tumezoea kushangilia kutoka kwake, kisha tukasahau kudai jibu. Haya ndiyo mafunzo yaliyonifikisha hapo.

1. Kashfa ya Nairobi hulipwa kwanza na kibarua wa Pwani

Siku sita kabla ya kuwafuta mawaziri, Rais alitangaza hatua za kubana matumizi. Safari zisizo za lazima za maafisa wa serikali zilisimamishwa. Mashirika 47 ya umma yaliamriwa yavunjwe. Washauri serikalini walitakiwa wapunguzwe kwa nusu, na ununuzi wa magari mapya ukasimamishwa kwa miezi 12. Nchi ilishangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia. Kilio cha vijana barabarani kilikuwa kwamba wanatozwa kodi mpya hali wakubwa wanatapanya.

Lakini Shanzu imejifunza kuishi kwa safari hizo. Mvua za masika zikianza, wageni wa Ulaya hupungua, na kinachoweka taa za hoteli zikiwaka hadi Julai ni mikutano ya watu wa Nairobi. Baada ya tangazo lile simu zilianza kulia ofisini kwetu. Semina hii imeahirishwa. Kikao kile kitafanyiwa Nairobi. Warsha ile tusiitarajie tena. Meneja hakupoteza kazi, wala mimi. Walioambiwa wasije ni wale wanaoitwa kwa siku: wapanga viti, waosha vyombo, wasaidizi wa jikoni. Nje ya geti, madereva wa tuktuk wakalala kwenye viti vyao mchana kutwa, na mama anayeuza mahamri na mbaazi kwa wafanyakazi wa zamu ya asubuhi akapunguza unga.

Binti mmoja kibarua, mama wa mtoto mchanga, alinifuata nilipokuwa nahesabu vitambaa vya meza. Akaniambia, "Mjomba, mimi bajeti yao sijaisoma, pesa yao sijaigusa. Mbona mimi ndiye wa kwanza kurudi nyumbani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Sisemi kwamba kubana matumizi kulikuwa kosa, kwa sababu pesa ya umma haikutengwa ili iijaze hoteli yetu. Nasema kwamba tulipopima ukali wa hatua zile tulitazama kiasi kitakachookolewa, na hatukuuliza mzigo utamwangukia nani. Aliyeidhinisha matumizi mabaya alibaki na mshahara, gari na mlinzi wake mpaka siku alipofutwa. Aliyeosha sahani za mkutano wake alikwisha kutolewa mapema. Serikali ikisema inajirekebisha, swali la kwanza liwe hili: kati ya waliotia sahihi na wasiotia, nani ameanza kuumia?

2. Ukweli husemwa koridoni kabla haujafika kwenye maikrofoni

Mtu anayesimamia ukumbi husikia mikutano miwili. Upo ule wa ndani, wenye bango, hotuba ya ufunguzi na makofi. Upo na ule wa koridoni, kikombe mkononi, ambapo maafisa wale wale wanaambiana kwamba mradi hautaenda, kwamba takwimu zimepambwa, kwamba mkubwa ameshauriwa vibaya na hakuna anayethubutu kumwambia. Wakirudi ndani, mwenyekiti akiuliza kama kuna mwenye maoni tofauti, ukumbi mzima hunyamaza.

Nimeuona ukimya huo mara nyingi sana, na ndio ulionifanya niwatazame kwa jicho lingine wachache waliouvunja. John Githongo aliteuliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2003 kuwa Katibu wa Kudumu wa Utawala Bora na Maadili. Kazi yake ilikuwa kupambana na ufisadi akiwa ndani ya serikali. Alipofuatilia mikataba ya Anglo Leasing, ile ya kampuni hewa zilizopewa zabuni za pasipoti na vifaa vya usalama, alikuta njia inaelekea kwa wenzake. Februari 2005 akajiuzulu akiwa London. Mwaka mmoja baadaye ripoti yake ikachapishwa magazetini, na ndani ya wiki chache mawaziri wakaanza kuondoka.

Justin Muturi alikuwa Mwanasheria Mkuu siku mwanawe alipotekwa nyara Juni 2024. Alifutwa pamoja na wenzake mwezi uliofuata, akateuliwa tena kuwa Waziri wa Utumishi wa Umma, na Januari 2025 akasimama hadharani kulaani utekaji nyara wa vijana akiwa bado waziri wa serikali ile ile. Machi 2025 akafutwa kazi.

Watu hawa wawili hawafanani. Mmoja alitoka ili aseme, mwingine alisema akatolewa. Wote wawili wanatufundisha kwamba kusema kuna bei, na kwamba wengi huikwepa bei hiyo kwa kusubiri watoke kwanza. Waziri aliyefutwa leo hugundua kesho kwamba serikali aliyoitumikia ilikuwa na dhambi nyingi. Nikisikia ushujaa wa namna hiyo redioni, hujiuliza alikuwa amekaa kiti gani dhambi zile zilipokuwa zikipitishwa, na kama mkono wake aliunyanyua.

3. Kujiuzulu kwa hiari kuna uzito ambao kufutwa hakuna

Katika siku zote za moto wa Juni 2024, baina ya risasi za Nairobi na maandamano ya Mombasa, hakuna waziri hata mmoja aliyejiuzulu. Waziri wa Fedha hakujiuzulu kwa sababu ya mswada uliokataliwa na nchi. Waziri wa Usalama hakujiuzulu kwa sababu ya vifo. Wote walisubiri Rais aamue, naye akaamua kwa niaba yao.

Lakini mila ya kujiuzulu ipo katika nchi zetu. Katikati ya miaka ya 1970, Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania. Watuhumiwa wa mauaji ya watu waliodhaniwa kuwa wachawi waliteswa mikononi mwa maafisa wa usalama huko Mwanza na Shinyanga, na baadhi yao wakafa. Mwinyi hakumgusa mtu. Hakuwa Shinyanga. Aliwajibika kwa sababu waliotesa walikuwa chini ya wizara yake, akaandika barua na kuondoka. Akapelekwa ubalozini Misri, na mwaka 1985 Watanzania wakampa urais.

Tarehe 7 Februari 2008, Waziri Mkuu wa Tanzania, Edward Lowassa, alisimama Bungeni Dodoma na kutangaza kwamba anaachia ngazi, baada ya kamati teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kusoma ripoti juu ya mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, nao wakajiuzulu, na Rais Jakaya Kikwete akalivunja baraza lote. Lowassa alilalamika kwamba hakupewa nafasi ya kusikilizwa. Hata hivyo Tanzania nzima ilijua ameondoka kwa jambo gani. Ripoti ilikuwa imesomwa Bungeni, kurasa zilikuwepo, na mwenye kubisha aliweza kubisha kwa hoja.

Anayejiuzulu akitaja sababu anaiachia nchi kipimo ambacho anayemfuata atapimwa nacho. Anayesubiri kufutwa haachi chochote isipokuwa kiti. Mwinyi na Lowassa wote wawili walifariki Februari 2024, miezi minne tu kabla ya moto wa Nairobi. Walipofariki viongozi wetu waliwasifu. Natamani wangaliiga na kile walichokifanya wakiwa hai.

4. Ukiwafuta wote, humjibishi hata mmoja

Usiku wa tarehe 11 Julai palikuwa na shangwe Shanzu. Vijana wa bodaboda walipiga honi pale steji, na jikoni kwetu wapishi walikumbatiana. Nami nilifurahi. Baada ya siku chache nikaanza kuuliza swali ambalo mpaka leo halijajibiwa: waziri yupi alifutwa kwa kosa gani?

Chukua suala la mbolea feki. Mapema mwaka 2024 wakulima waliuziwa magunia ambayo hayakuwa mbolea, katika mpango wa ruzuku wa serikali. Mwezi wa Mei Bunge la Kitaifa lilipiga kura ya kuanzisha mchakato wa kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kamati teule iliundwa, ikamsikiliza, na kwa wingi wa kura ikasema madai hayakuthibitishwa. Akabaki kazini. Miezi miwili baadaye akafutwa pamoja na wengine wote, kwa tangazo moja. Je, alifutwa kwa sababu ya mbolea? Kama kamati ilikuwa sahihi, mbona ameondolewa? Kama ilikosea, nani atamlipa mkulima aliyepanda na asivune? Tangazo halikusema. Mwenye hatia na asiye na hatia walitoka kwa mlango mmoja, hakuna aliyebandikwa kosa wala aliyesafishwa jina.

Wakenya tunajua kuandika mashtaka tukitaka. Oktoba mwaka huo huo, Naibu wa Rais Gachagua alipokosana na mkubwa wake, mambo yalinyooka ghafla. Hoja yenye tuhuma 11 iliandikwa. Wabunge 282 wakaiunga mkono tarehe 8 Oktoba. Seneti ikasikiliza, na tarehe 17 Oktoba ikathibitisha tuhuma tano, ikamwondoa. Profesa Kithure Kindiki akaapishwa mahali pake tarehe 1 Novemba. Unaweza kuupenda uamuzi huo au kuuchukia, lakini tuhuma zilitajwa moja baada ya nyingine na kila moja ikapigiwa kura. Mashtaka ya kina yalipatikana kwa mtu aliyegombana na Rais. Kwa vifo vya Juni hatukupewa hata ukurasa mmoja, na kwa mbolea ya wakulima tangazo la kufutwa halikutaja neno.

5. Mlango wa kutokea ndio wa kurudia

Tarehe 19 Julai, siku nane baada ya kufutwa kwa baraza, orodha ya kwanza ya walioteuliwa ilitangazwa. Ndani yake walikuwemo Kindiki, Aden Duale, Alice Wahome, Soipan Tuya, Davis Chirchir na Rebecca Miano, wote kutoka baraza lililovunjwa. Katika orodha ya pili walirudi Kipchumba Murkomen, Salim Mvurya, Alfred Mutua na Muturi. Baraza lilipoapishwa tarehe 8 Agosti, karibu nusu yake ilikuwa ni nyuso zile zile.

Mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa mwalimu na sasa hunywa kahawa jioni karibu na njia ya kwenda Chuo cha Ualimu, alinitazama nilipolalamika akasema, "Mwanangu, wewe unashangaa nini? Hili la kurudi tumelizoea."

Nikaenda kukumbuka, nikaona kweli. David Mwiraria alijiuzulu Uwaziri wa Fedha tarehe 1 Februari 2006 kwa sababu ya Anglo Leasing, akarudi barazani mwaka 2007. Kiraitu Murungi na George Saitoti waliondoka katikati ya Februari 2006, wa kwanza kwa Anglo Leasing na wa pili kwa kashfa ya Goldenberg, na kabla ya mwaka kwisha wote wawili walikuwa wamerudishwa. Amos Kimunya alitamba kwamba ni heri afe kuliko kujiuzulu kwa sababu ya kuuzwa kwa hoteli ya Grand Regency. Akajiuzulu Julai 2008, tume ikamsafisha, na Januari 2009 akawa waziri tena.

Kuna wanaorudi kwa haki. Mtu akichunguzwa na chombo huru akaonekana hana kosa, kumnyima kazi ni dhuluma. Shida yangu ni kurudi kusikotanguliwa na uchunguzi wowote. Kikapu cha nguo chafu ukikigeuza juu chini, za chini zitakuwa juu, lakini hazijafuliwa. Mwaka 2024 tulingoja siku chache tu kisha tukaambiwa baraza ni jipya.

6. Mtu wetu akipanda, maswali yetu hushuka

Fundisho hili ni gumu kuliandika nikiwa mtu wa Mombasa, kwa hiyo nitalisema taratibu.

Tarehe 24 Julai jina la Hassan Joho lilisomwa. Alikuwa amependekezwa kuwa Waziri wa Madini, Uchumi wa Bahari na Masuala ya Usafiri wa Majini. Joho ni wetu kwa kila hali: alikuwa mbunge wa Kisauni, eneo ambamo Shanzu imo, kuanzia mwaka 2007, kisha gavana wa kwanza wa Mombasa kwa mihula miwili, 2013 hadi 2022. Pamoja naye waliingia wenzake wa chama cha upinzani cha ODM: John Mbadi katika Fedha, Opiyo Wandayi katika Kawi, Wycliffe Oparanya katika Ushirika. Mvurya wa Kwale alirudishwa. Aisha Jumwa wa Kilifi hakurudi.

Wiki hiyo mazungumzo yaligeuka pale kazini, kwenye matatu za Mtwapa, na barazani kwa wazee. Watu waliokuwa wakiuliza nani aliwafyatulia risasi vijana, sasa waliuliza Pwani itapata nini. Mwenzangu mmoja wa idara ya vyumba, mtu ninayemheshimu kwa msimamo wake, aliniambia, "Kaka, acha siasa za bara. Safari hii na sisi tumekumbukwa."

Namwelewa. Pwani ina kilio cha kweli na cha zamani: ardhi bila hati, bandari inayotajirisha wengine, wavuvi wa hori ya Mtwapa wanaosukumwa mbali na fukwe walikozaliwa. Kuwa na waziri wa bahari anayetoka pwani ni jambo la maana, na Mheshimiwa Joho ana haki ya kuteuliwa kama Mkenya mwingine yeyote. Sina neno naye. Neno langu ni kwetu sisi wenyewe. Uteuzi ule ulitolewa katikati ya msiba, na serikali iliyokuwa ikitafuta wa kuishika mkono, na tulikubali kuuchukua kama zawadi ya eneo. Kila eneo la Kenya lilifanya vivyo hivyo kwa mtu wake. Kufikia Agosti, maswali ya pamoja yaliyowaunganisha vijana wa Kisauni na wa Kisumu na wa Nyeri yalikuwa yamegawanywa vipande kwa ukoo na chama.

Waziri wa eneo letu ndiye tunayepaswa kumwuliza zaidi, kwa sababu simu zetu atazipokea na lugha yetu anaijua. Tukimwuliza kuhusu wavuvi, tumwulize pia kuhusu waliokufa, kwa kuwa anakaa katika meza inayoamua yote mawili.

7. Mahakama na gereza viko hapa hapa, lakini wakubwa huja hotelini tu

Shanzu ni mtaa wa ajabu kidogo. Zipo hoteli zenye mabwawa na minazi, ipo Mahakama ya Shanzu, na lipo Gereza la Shimo la Tewa. Mtu akiwa na miguu mizuri anaweza kupita kote huko asubuhi moja. Kwa miaka yangu ya kazi nimewaona mawaziri na makatibu wakija hotelini. Katika mahakama, ninapopita asubuhi, nawaona walioiba simu, waliopatikana na bangi, wenye kesi za ugomvi wa mipaka ya shamba, na jamaa zao wakiwasubiri juani.

Mahakama hii ndiyo iliyoipokea kesi ya vifo vya msitu wa Shakahola. Mei 2023, mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walihamishiwa hapa kutoka Malindi, na Januari 2024 wakasomewa mashtaka yakiwemo ya ugaidi. Katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto. Ninazikumbuka asubuhi zile, magari ya polisi na kamera kwenye barabara yetu, na wafanyakazi wenzangu wa kutoka Malindi na Magarini wakitetemeka kila jina jipya linapotajwa. Washtakiwa wanahukumiwa na mahakama, na hilo ni la mahakama. Lakini watu zaidi ya 400 hawafi katika msitu mmoja bila kuwepo ofisi zilizopaswa kuona: za upelelezi, za utawala, za polisi. Hakuna waziri aliyeachia kiti kwa sababu ya Shakahola. Nikilinganisha Shinyanga ya Mwinyi na Shakahola yetu, naona jinsi kiwango chetu cha aibu kilivyoshuka katika nusu karne.

Katiba ya 2010 ina Sura ya Sita juu ya uongozi na maadili, na inatamka kwamba cheo ni amana ya wananchi. Sura hiyo haijui kiti kikubwa wala kidogo. Tumekuwa tukiisoma kana kwamba adhabu ya mkubwa inaishia kwenye kupoteza kiti, na jela ni ya mwizi wa simu. Kuondolewa ofisini ni hatua ya utawala. Kama uhalifu ulitendeka, mahali pa kuujibia ni lile jengo ninalolipita kila asubuhi.

Haya ndiyo niliyojifunza, na kwako msomaji nina ombi.

Serikali hii au ijayo itatikiswa tena. Kiongozi wa nchi akibanwa ataondoa watu, kwa sababu kumwondoa waziri huzuia swali lisimfikie aliyemteua. Siku hiyo ikifika, furahi ukitaka, kisha uliza maswali matatu na usiyaachie: Ametolewa kwa kosa gani lililoandikwa? Nani anachunguza, na ripoti itasomwa wapi? Akitaka kurudi, atakuwa amesafishwa na nani?

Una zana za kuyauliza. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 119 inakuruhusu kuwasilisha ombi Bungeni, mkiwa mtu mmoja au kijiji kizima. Waziri anapoteuliwa, Bunge hutangaza jina lake magazetini na kuwaita wananchi walete maoni na pingamizi zao kwa maandishi, chini ya kiapo, kabla hajahojiwa. Agosti 2024 kamati ya Bunge ilimkataa mteule mmoja, Stella Soi Langat, aliyependekezwa kwa Wizara ya Jinsia. Kwa hiyo kukataa kunawezekana. Kaeni kundi la watu, hata kumi, hapo Shanzu, Utange, Bamburi au Likoni, muandike pingamizi lenu na mlipeleke. Uchaguzi mkuu unakuja Agosti 2027, na wengi wa waliotoka na kurudi watapanda majukwaani kutuomba kura. Wakija kwetu, tuwaambie waziwazi: asiyejibu asirudi.